Unyoya Limenyamaza

Gari lilikuwa limenyamaza, na Mwalimu hakuwa na raha.

Si kwamba halikuwaka. Liliwaka vizuri tu, tena likanguruma mpaka jirani wa ukuta wa pili akabamiza dirisha kwa hasira, kama kawaida yake. Gia ziliingia, taa zilimulika, tairi zilizunguka. Lakini ole wako umwambie Mwalimu kwamba gari ni zima kwa sababu linakwenda! Angekukazia macho mpaka uombe radhi. Kwake yeye, aliyefundisha watu udereva tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote, gari kwenda lilikuwa jambo moja, na gari kusema lilikuwa jambo lingine kabisa.

Na Unyoya lilikuwa gari la kusema. Ndivyo alivyoliita, Unyoya: kigari cha viti viwili, kijani cha chupa, kifupi kiasi kwamba mtu mzima akisimama kando yake paa linamfika kiunoni. Walioliunda walimfikiria dereva, wakamfikiria tena dereva, abiria wakamkumbuka dakika za mwisho, na mizigo wakaisahau kabisa. Usukani wake haukuwa na mtambo wa kuusaidia; ukikata kona, ni mikono yako na lami, basi. Mwalimu alilinunua kwa jamaa mmoja aliyejaliwa mapacha akajikuta hana pa kuwaweka. Jamaa alilia siku anakabidhi ufunguo. Mwalimu naye alilia, ila yeye kwa furaha, na alilia ndani ya gari ili asionekane.

Tangu siku hiyo akawa na sheria moja, nayo aliitaja mara nyingi hata watu wa nyumbani wakaichoka: kisicho na kazi, kishuke. Gari jepesi huharibiwa na vitu vidogo vidogo, alisema, maana kila ratili unayolibebesha inaliziba mdomo. Redio ilishuka. Zulia likashuka. Taa ya ndani, kisahani cha majivu, hata kioo cha kujitazamia upande wa abiria, vyote vilishuka vikarundikwa kwenye kabati la stoo. Siku alipomwomba mkewe aache mkoba nyumbani kabla ya kupanda, mkewe, ambaye ana saluni yake na hana muda wa upuuzi, alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Baba watoto," alisema, "na mimi nikishapanda, kazi yangu humo ndani ni ipi?"

Hakusubiri jibu; akaingia ndani ya nyumba, akavua viatu, na hakupanda tena Unyoya mpaka leo.

Aliyepanda ni binti yao wa mwisho, Kitinda. Yeye alifunzwa na baba yake mwenyewe, akatukanwa na baba yake mwenyewe, na sasa anaendesha gari la kusambaza mikate la kiwanda kimoja cha mjini. Jumapili moja alikuja na nguo alizovaa tu, mifuko mitupu, simu kaiacha mezani, akisema, "Nimeshusha kila kitu, baba. Nimebaki mimi." Baba mtu akatabasamu. Halafu walitoka mpaka barabara ya mnara wa maji, yenye kona ndefu iliyoinama, na huko Unyoya likasema.

Nikueleze lilivyosema, usije ukadhani mzee alikuwa na wazimu. Changarawe ikipita chini ya tairi la mbele, vidole kwenye usukani vilijua. Lami kavu ikigeuka lami yenye unyevu, unyayo ulijua kabla ya jicho. Breki zikikaribia mwisho wa uwezo wake, pedali ilitetemeka chini ya mguu, ikamwambia basi, hapo hapo. Wanafunzi wake wote wa shule ya udereva waliijua hotuba yake. "Macho ni ya barabara," aliwaambia. "Gari lisikilizeni kwa nyayo na kwa makalio." Walicheka, lazima wacheke. "Haya, chekeni. Ila siku dereva asiposikia gari lake, apaki, ashuke, ampe mwenzake ufunguo. Hilo siombi, naamuru."

Sasa tangu mvua zikatike, Unyoya halikusema kitu.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye kona ile ile ya mnara wa maji. Mwalimu aliingia kwa mwendo wake wa siku zote, akasubiri mtetemo wa siku zote, usije. Nyuma ya gari ikateleza kidogo bila taarifa, naye akalirudisha kwa bahati tu. Akajiambia ni upepo wa tairi. Akaupima, ukawa sawasawa. Akajiambia ni barabara. Akarudi kesho yake kwa miguu, akaipapasa lami kwa kiganja, watu wanapita wanamshangaa mzee aliyeinama barabarani. Lami ilikuwa ile ile.

Halafu likatokea la kivuko.

Ilikuwa asubuhi, karibu na soko. Kina mama walikuwa wanavuka. Mwalimu aliwaona mapema, akaweka mguu kwenye breki, au ndivyo alivyodhani, na gari halikupunguza mwendo. Akatazama chini, kosa ambalo angemfelisha nalo mwanafunzi yeyote pale pale. Mguu wake ulikuwa umening'inia pembeni mwa pedali, nusu umeikanyaga, nusu hewani. Akaukandamiza kwa nguvu zake zote. Unyoya likasimama limeshapita mstari mweupe, na kikapu cha mama mmoja kimelalia boneti.

Yule mama aliokota kikapu chake taratibu. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuumiza Mwalimu zaidi.

"Mzee wangu," alisema, "hilo gari unaliendesha, au linakuendesha?"

"Breki, mama. Nisamehe sana. Breki zimeanza kunifanyia visa."

Alipofika nyumbani alikaa ndani ya gari muda mrefu, hawezi kushuka. Kila akifumba macho alikiona kile kikapu juu ya boneti. Siku nyingine kitakuwa si kikapu.

Alilipeleka kwa Fundi Polepole, ambaye amelihudumia tangu siku ya kwanza na hajawahi kuharakishwa na mtu. Fundi alivua magurudumu, akakagua breki, akabadili mafuta yake, akashika kila ungio la usukani akalitikisa. Alifungua hata mahali ambapo Mwalimu hakujua kama panafunguka. Kisha akalipeleka kuzunguka mtaa, akarudi, akajipangusa mikono kwa tambara.

"Mwalimu, sioni kitu."

"Huoni, au hukutazama?"

"Nimetazama. Halafu nimeliendesha. Limenisemesha mpaka limenichosha, nusura linitajie rangi ya mstari niliokanyaga."

"Basi wewe una mguu mzito, ndiyo maana hujui tofauti."

Fundi aliacha kujipangusa. "Mguu mzito? Mimi?" Akalitundika lile tambara msumarini. "Chukua gari lako, kaka. Tusije tukavunjiana heshima kwa ajili ya mabati."

Waliagana shingo upande, watu waliojuana tangu ujana. Mwalimu aliwasha gari akaondoka. Alijua amekosea, na alijua pia kwamba akirudi kuomba radhi itabidi akubali maneno ya Fundi kwamba gari ni zima. Na kama gari ni zima, basi ni nini kibovu? Swali hilo hakulitaka. Kila lilipobisha hodi alijitia hayumo.

Lilikuwapo jambo, na usidhani hakulijua. Mkewe alilisema kila walipokaa mezani. "Unakunywa maji mno. Unakonda. Kapime sukari." Naye akajibu, "Nitakwenda," kwa sauti ya mtu asiyekwenda popote. Kaka yake mkubwa, naye mgonjwa wa sukari, alikwenda. Aliingia hospitali na kidonda kidogo cha kidole gumba, kilichochubuliwa na kanda ya ndala, akarudi nyumbani mguu mmoja hauna kitu chini ya goti. Mwalimu ndiye aliyemsukuma kwenye kiti cha magurudumu kutoka wodini. Tangu hapo aliogopa hospitali kuliko alivyowahi kuogopa kona yoyote. Hata Kitinda aliiona chupa kubwa ya maji iliyoanza kusafiri ndani ya Unyoya, akamtania: "Baba, na hiyo je? Kisicho na kazi?" Akajibiwa kwamba ni joto. Siku hiyo kulikuwa na mawingu.

Basi ikawa gari ndilo gonjwa, na mgonjwa akatafutiwa dawa. Dawa aliyoijua Mwalimu ilikuwa ile moja: punguza. Kama Unyoya linanong'ona, alifikiri, ni mimi niliyeweka kitu katikati yetu. Akazing'oa raba zilizovika pedali, ili mguu ukutane na chuma. Haikusaidia. Akachukua viatu vyake vya kuendeshea, raba nyepesi za kitambaa ambazo soli yake ilikuwa nyembamba tayari, akampelekea mshona viatu.

"Ipunguze."

Mshona viatu aliigeuza geuza. "Mzee, watu huniletea soli niongeze."

"Wewe punguza."

"Nikipunguza tena utakuwa unatembea juu ya karatasi."

"Ndiyo ninachotaka."

Akapunguza. Mwalimu akavaa, akaketi kwenye Unyoya, akakanyaga. Kimya. Alikanyaga tena, mara nyingi, gari limezimwa, peke yake kwenye banda, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ambayo anajua wenyewe wamo. Hapo akakata tamaa. Dereva asiposikia gari lake, apaki. Amri ni yake mwenyewe; hawezi kuwatwisha watoto wa watu kisha yeye akaikwepa. Wala hakutaka kuja kumuua mama wa watu kivukoni kwa sababu ya mapenzi. Kulikuwa na msanifu majengo mmoja kijana ambaye kila akilikuta Unyoya limeegeshwa alisimama kulizunguka, na aliwahi kusema, "Mzee, ukichoka nalo, mimi nipo." Mwalimu akampigia. Akamwambia kwa uaminifu kwamba gari limenyamaza. Kijana akacheka, akasema yeye anapenda utulivu. Wakakubaliana Jumamosi, baada ya adhuhuri.

Jumamosi hiyo mkewe alitoka mapema kwenda saluni. Kabla ya kutoka alisimama mlangoni mwa banda, akamwona mumewe amelilalia boneti kwa kifua chote akilipangusa.

"Hutaki hata kwenda mara moja ya mwisho?"

"Siwezi."

Mkewe akachukua mkoba wake, akaenda zake.

Mwalimu alitaka kulikabidhi gari lote jinsi lilivyoundwa, hivyo akaanza kurudisha vilivyoshuka. Alivirudisha kwa uchungu, kimoja kimoja, kama mtu anayemvisha mwanawe nguo za safari. Mwisho zikabaki raba za pedali. Raba ya klachi ilikaa vizuri. Kwenye pedali ya breki kulikuwa na kibati kidogo kilichoshikwa kwa skrubu fupi zenye ncha kali, na moja ilikuwa imelegea. Akaitoa ili aikaze upya. Ikamponyoka. Aliisikia ikilia juu ya saruji, ti, mara moja, halafu basi.

Akainama. Haipo. Akasogeza ndoo, haipo. Akatazama chini ya gari, nyuma ya tairi, kwenye mfereji wa maji, haipo. Akaingiwa na wasiwasi wa kweli, maana labda ilidunda ikarudi ndani, na skrubu inayozurura ndani ya gari ni kifo. Siku moja itabiringika chini ya pedali ya breki, kijana wa watu atakanyaga, na pedali haitashuka. Akazunguka gari. Akaenda jikoni kuchukua tochi, akarudi. Akaenda stoo kuchukua sumaku, akarudi. Akazunguka tena. Koo limekauka, maji anakunywa hayamtoshi.

Hivyo ndivyo Kitinda alivyomkuta, yeye katoka kazini na harufu ya mkate mwilini.

"Shikamoo baba. Unatafuta nini?"

"Marahaba. Skrubu. Skrubu ya breki. Usiingie, usiguse, usikanyage kitu!"

Kitinda alisimama pale pale mlangoni. Alimwona baba yake jinsi jasho lilivyomlowesha mgongo. Akatazama sakafu ili amsaidie kutafuta.

"Baba," akasema, "rejeta inavuja?"

"Nini?"

"Kuna matone mekundu hapa."

Mwalimu aligeuka upesi. Kweli, kulikuwa na tone jekundu kwenye saruji, na jingine, na jingine. Maji ya rejeta ya Unyoya yalitiwa dawa nyekundu, na Mwalimu alipoyaona yale matone, hutaamini, uso wake ulichangamka. Linavuja! Basi lilikuwa gonjwa kweli! Fundi Polepole hakuona, lakini yeye alijua, alijua siku zote!

"Nilisema mimi! Walidhani nimechanganyikiwa. Linavuja, mwanangu, tazama, linavuja!" Alipiga magoti kwa furaha, akachovya kidole, akakipeleka puani. Dawa ya rejeta ina harufu ya utamutamu. Hii haikuwa nayo. Akakisugua kile kidole na gumba, kikanata.

Kitinda hakuwa akimtazama tena. Alikuwa akiyafuata matone kwa macho. Yalizunguka gari lote. Yalikwenda mlango wa jikoni yakarudi. Yalikwenda stoo yakarudi. Hakuna rejeta inayotembea mpaka jikoni.

"Baba, kaa chini."

"Subiri kwanza nifungue boneti..."

"Baba! Kaa."

Hajawahi kumpandishia sauti maishani. Mwalimu akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Kitinda alichuchumaa mbele yake, akauinua mguu wake wa kulia, akaugeuza unyayo juu. Kwenye soli ya karatasi, katikati kabisa, kiling'aa kichwa cha skrubu, kimezama mpaka kimelingana na raba. Kitambaa cha kiatu kilikuwa kimelowa pande zote.

"Hii hapa skrubu yako," alisema.

Mwalimu alitazama. Alitazama kama vile ni mguu wa mtu mwingine aliyemwachia ashike.

"Huumii?"

"Wapi?"

Kitinda alikivua kile kiatu taratibu, na skrubu ikatoka pamoja na soli. Damu ikafuata. Mwalimu hakushtuka, hakukunja hata uso. Binti alichukua taulo safi lililokuwa la kupangusia vioo, akaufunga unyayo na kuukaza, vidole vikabaki nje.

"Fumba macho," akasema.

"Kwa nini?"

"Fumba tu, baba yangu."

Akafumba.

"Nimeshika kidole kipi?"

Mwalimu alisubiri mguso. Alisikia gari la takataka likipita barabarani. Alisikia jirani akifungua dirisha lake. "Hujashika bado," akasema.

Mwalimu akafumbua macho, akamwona mwanawe amekishika kidole gumba cha ule mguu kwa mkono mzima, anakiminya mpaka kucha imekuwa nyeupe, na machozi yanamtiririka.

Hapo swali lililobisha hodi siku zote liliingia lenyewe, likaketi. Kona ya mnara wa maji. Kivuko. Pedali iliyokuwa haitetemeki. Fundi aliyetukanwa bure. Viatu vilivyochongwa na raba zilizong'olewa, kumbe kitu kilichokuwa katikati yake na gari hakikuwa soli wala raba. Hata kwenye gari la shule, lile zito lenye breki ya pili upande wa mwalimu, siku hizi alikuwa akiikanyaga ghafla mno, wanafunzi wakirukia kioo, naye akiwagombeza wao.

"Halikunyamaza," alisema. Akaanza kucheka, na kile kicheko kikageuka kilio kabla hakijafika popote. "Halikunyamaza, mama. Mimi ndiye niliyekufa miguu."

"Hujafa miguu. Usiseme hivyo."

"Kama kaka. Watanikata kama kaka."

"Baba mkubwa alikaa na kidonda mpaka kikanuka. Wewe unakwenda sasa hivi." Kitinda alisimama, akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Gari la kazi nimeshalirudisha, na siwezi kukuacha peke yako nikatafute jingine. Tunakwenda na hili."

Aliiokota ile skrubu, akaiosha bombani, akaikausha. Akaingia chini ya usukani akairudisha mahali pake kwenye pedali, akaikaza kwa bisibisi mpaka ikagoma, akakanyaga breki kwa mkono mara kadhaa kuijaribu. Baba yake alimtazama jinsi anavyofanya bila kuelekezwa. Alipotoka, alinyoosha mkono.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Mwalimu. Aliutoa. Aliushika kidogo. Wanafunzi wangapi amewaambia maneno yale, na hakuna hata siku moja aliyofikiri kwamba yana uzito! Akamwekea binti yake kiganjani, akakifunga kiganja kwa mikono yake miwili.

"Mimi nibaki nisubiri teksi," alisema. "Wewe unajua sheria ya gari hili. Mimi sasa ni mzigo tu."

"Panda, baba."

"Kisicho na kazi..."

"Panda!"

Akapanda. Kiti cha abiria cha gari lake mwenyewe hakuwahi kukikalia hata siku moja. Kilikuwa chini mno, na barabara kutokea pale ilionekana ngeni. Kitinda alimwekea chupa ya maji mapajani bila kusema neno, akawasha, akalitoa Unyoya bandani.

Walipofika njia kuu simu ya Mwalimu ikalia. Alikuwa msanifu majengo.

"Mzee, niko njiani nakuja."

"Rudi, kijana wangu. Gari haliuzwi."

"Lakini si ulisema limenyamaza?"

"Nilisema hivyo. Mgonjwa ameonekana, ni mwingine." Akakata simu.

Njia ya hospitali inapita kwenye mnara wa maji, nyingine hakuna. Kona ilipoanza kuonekana Mwalimu alikamata ukingo wa kiti. Hofu ilimpanda, hofu ya kona, hofu ya daktari, hofu ya kile kiti cha magurudumu. Kitinda alishusha gia. Akaingia kwa mwendo ule ule wa baba yake, mikono imetulia, na Mwalimu akaona vidole vyake vikilegea na kukaza, vikilegea na kukaza, kwa vitu ambavyo yeye hakuvipata.

"Linasema nini?" akauliza. Sauti ilimtoka ndogo, kama ya mwombaji.

Kitinda aliimaliza kona kwanza.

"Linasema mengi, baba. Nitakueleza yote, kila siku, kazi yako itakuwa kuniuliza." Alipandisha gia. "Ila kwanza linasema lilikuita sana."

Mwalimu akainamisha kichwa. Chini kule, mguu wake wa kulia ulikuwa umenyooka, umelikandamiza bati la sakafu kwa nguvu zote, mahali ambapo kwenye gari la shule huwa pana breki ya pili. Taulo lilikuwa limeloa jekundu tena. Hakujua amelikanyaga lile bati tangu lini.

Aliushika ule mguu kwa mikono miwili, akauinua, akauweka kando.